Picha ya Mchana, Pumzi ya Usiku

Divisheni ya Kawempe, kaskazini mwa jiji la Kampala, imebeba hospitali mbili za rufaa za taifa. Mulago imo ndani ya mipaka yake, ingawa watu wameizoea kama mali ya Uganda nzima na hakuna anayeuliza iko divisheni gani. Nyingine ni Hospitali ya Kawempe yenyewe, kando ya Barabara ya Bombo, ambayo tangu huduma za uzazi za Mulago zilipohamishiwa huko mwaka 2016 imekuwa miongoni mwa hospitali zenye pilikapilika nyingi za uzazi nchini. Ukianzia Wandegeya hadi Kalerwe na Bwaise, kupigwa picha ya ndani ya mwili si jambo la ajabu tena. Mabango ya eksirei, ultrasaundi na siti-skani yanapishana na vibanda vya chapati za roleksi. Mtu anatoka mlangoni na bahasha kubwa kwapani, anapanda boda, anakwenda zake.

Kilicho adimu ni kitanda. Nazungumzia kitanda cha maabara ya usingizi, ambapo mgonjwa hulala usiku kucha akiwa amebandikwa nyaya kichwani, kifuani na miguuni ili ijulikane ni mara ngapi pumzi yake imekatika. Vitanda vya namna hiyo Afrika Mashariki ni vya kuhesabu. Basi swali linakuja lenyewe: ikiwa picha zipo na vitanda havipo, je, picha zinaweza kutusaidia kumtambua mtu ambaye koo lake hujifunga akiwa usingizini? Zinaweza, lakini si kwa namna ambayo wengi wanadhani, na anayeuza picha kama jibu la mwisho anauza zaidi ya alichonacho.

Tuanzie chumbani. Katika mizigo ya Bwaise, zile nyumba za chumba kimoja kimoja zilizojengwa ukuta kwa ukuta, mkoromo hauna faragha. Baba akikoroma, jirani wa mlango wa tatu anajua. Mara nyingi huwa ni kichekesho: ameshiba, amechoka, au jana alipitia waragi. Mtoto akikoroma watu hufurahi, eti kalala fofofo. Lakini msikilize vizuri yule baba. Mkoromo unapanda, unapanda, kisha kimya. Kifua na tumbo bado vinahangaika, kimoja kikiinuka kingine kikizama, ila hewa haipiti. Zinapita sekunde kumi, ishirini, pengine nusu dakika. Halafu anagutuka, anapaliwa, anageuka, na mkoromo unaanza upya. Asubuhi hakumbuki kitu. Analalamika kichwa kizito na mdomo mkavu, na saa nane mchana anasinzia juu ya usukani.

Kinachotokea ni hiki. Pua ina mfupa wa kuishikilia isijifunge, na zoloto chini yake lina gegedu. Koromeo, ile sehemu iliyo nyuma ya kaakaa laini na ulimi, haina kitu kigumu cha kuizunguka. Ni nyama tupu, na kinachoiweka wazi ni misuli. Mtu akilala misuli hulegea. Mwenye koromeo pana, hilo halimdhuru. Mwenye koromeo jembamba, kwa sababu ya mafuta shingoni, taya la chini lililorudi nyuma, ulimi mkubwa, au mafindofindo na nyama za puani zilizovimba, njia yake hujifunga kabisa au nusu. Oksijeni inashuka, moyo unahangaika, ubongo unashtuka na kumwamsha kidogo ili avute hewa. Kwa mtu mzima, madaktari huhesabu kila kipindi cha sekunde 10 au zaidi, kisha hugawanya kwa saa za usingizi. Vipindi 5 hadi 15 kwa saa ni ugonjwa mdogo, 15 hadi 30 wa kati, na zaidi ya 30 ni mkali. Mwenye 30 kwa saa anakabwa mara 240 katika usiku wa saa nane, na bado akiulizwa atasema alilala vizuri.

Si ugonjwa wa Wazungu wanene, kama baadhi yetu tulivyozoea kusema. Mwaka 2019 jarida la Lancet Respiratory Medicine lilichapisha makadirio kwamba watu wapatao milioni 936 duniani, wa umri wa miaka 30 hadi 69, wanao kwa kiwango fulani, na milioni 425 kati yao wanao kwa kiwango cha kati au kikali. Hapo jirani Kenya, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kuhusu wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili waliokuwa wakihudhuria hospitali ya rufaa ulikuta asilimia 44 wako kwenye hatari kubwa ya kuwa na tatizo hili. Hao walipimwa kwa maswali tu. Hakuna aliyelazwa na nyaya.

Historia yake ni fupi kushangaza. Kukatika kwa pumzi usingizini kulirekodiwa kwa mitambo mwaka 1965, na Henri Gastaut na wenzake huko Ufaransa, na wakati huohuo na watafiti wa Ujerumani. Christian Guilleminault aliupa ugonjwa jina lake la leo, la kukatika kwa pumzi usingizini, mwaka 1976. Kabla ya 1981 tiba ya uhakika ilikuwa kumtoboa mgonjwa koo chini ya zoloto ili apumulie hapo usiku. Mwaka huo Colin Sullivan wa Sydney, Australia, alichapisha habari za wagonjwa watano aliowavalisha barakoa puani na kuwasukumia hewa kwa mota, ile hewa ikalishikilia koromeo lisijifunge. Mashine hiyo, CPAP, ndiyo tiba kuu hadi leo.

Sasa picha. Na hapa nianze na watoto, kwa sababu ndiko picha inakosaidia zaidi na ndiko inakotumika vibaya zaidi.

Mama anafika kliniki na mtoto wa miaka minne. “Musawo, huyu analala mdomo wazi. Anakoroma, anatoka jasho, anajigeuza usiku kucha. Mafua hayaishi.” Mara nyingi ameshapewa chupa tatu za antibiotiki kabla ya kufika hapo. Musawo, yaani daktari, akimwangalia mtoto kooni ataona mafindofindo kwa macho, na atayapa daraja kuanzia 1 hadi 4 kwa jinsi yanavyoziba njia. Ila nyama za puani hazionekani hivyo. Zimejificha juu, nyuma kabisa ya pua, chini ya sakafu ya fuvu. Kuziona kunahitaji kamera nyembamba ipitishwe puani, jambo ambalo mtoto wa miaka minne halikubali bila vita, au eksirei ya shingo ya ubavuni.

Eksirei hiyo ni rahisi kuisikia na ngumu kuipiga vizuri. Mtoto husimama au huketi ubavu ukiielekea sahani ya picha, shingo ikiwa imenyooka, si imeinama wala kupinda nyuma. Mdomo ufungwe. Apigwe akivuta pumzi kwa pua. Akilia, akimeza, au akifungua mdomo, kaakaa laini linainuka, njia inabanwa, na nyama za puani zitaonekana kubwa kuliko zilivyo. Mtaalamu mzuri wa mionzi hana haraka. Atamwacha mama amtulize mtoto, atamwambia mtoto anuse kitu, ndipo abonyeze. Asiye na subira atapiga mara tatu, na kila mara ni mionzi nyingine kwenye shingo ya mtoto.

Picha ikitoka, hewa ni nyeusi, mfupa ni mweupe, nyama ni kijivu. Nyuma ya pua, chini ya fuvu, utaona uvimbe wa kijivu umejibinua kuelekea chini. Kati yake na kaakaa kuna mstari mweusi. Huo mstari ndio njia ya hewa. Kwa mtoto mzima ni barabara pana. Kwa mwingine umebaki uzi, au umepotea kabisa. Mwaka 1979 Fujioka na wenzake waliweka kipimo kinachotumika mpaka leo: unene wa nyama, pale zilipojibinua zaidi, unagawanywa kwa upana wa nafasi yote kutoka fuvu hadi mwisho wa kaakaa gumu. Ikizidi 0.80, zimevimba. Rula na penseli vinatosha. Hakuna haja ya kompyuta.

Kipimo hicho kina thamani kubwa kwa mahali kama Kawempe. Eksirei inapatikana hadi hospitali za kawaida, na dozi ya mionzi ya picha moja ya shingo ni ndogo mno ukilinganisha na siti-skani. Lakini angalia kasoro yake. Mtoto mmoja ana nyama kubwa na analala salama. Mwingine zake ni za wastani na oksijeni inashuka usiku, kwa sababu misuli yake ni dhaifu au taya ni dogo. Ukubwa kwenye picha na ukali wa ugonjwa havitembei pamoja siku zote. Kwa hiyo ripoti ya radiolojia inayosema “nyama za puani zimevimba” haijasema mtoto ana ugonjwa, wala haijasema akatwe.

Na kukatwa kwenyewe si jambo la kukimbilia. Mwaka 2013 jarida la tiba la New England lilitoa matokeo ya jaribio lililowafuata watoto 464 wa miaka 5 hadi 9 huko Marekani. Nusu walifanyiwa upasuaji wa mafindofindo na nyama za puani mapema, nusu waliangaliwa tu. Baada ya miezi saba, asilimia 79 ya waliopasuliwa vipimo vyao vya usiku vilikuwa vya kawaida. Vizuri. Lakini hata katika wale wasiopasuliwa, asilimia 46 walirudi kawaida. Mzazi anayeambiwa mtoto apasuliwe kesho kwa sababu ya eksirei peke yake ana haki ya kuuliza: usiku wake mmeupima?

Kuna kundi moja la watoto ambalo naona lisingojee. Uganda ni nchi ya selimundu. Uchunguzi wa nchi nzima uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta asilimia 13.3 ya watoto wachanga waliopimwa wamebeba kinasaba chake, na asilimia 0.7 wana ugonjwa wenyewe. Kwa mtoto mwenye selimundu, oksijeni ikishuka chembe zake nyekundu za damu hujikunja na kuziba mishipa. Koo linalojifunga usiku linamletea hasa kile anachokimbizwa hospitali mchana. Na watoto hawa huvimba mafindofindo na nyama za puani mara nyingi kuliko wenzao. Mtoto wa namna hiyo akikoroma, eksirei ya shingo na kipimo cha oksijeni cha usiku viende pamoja. Ikibidi, daktari wa moyo amtazame kwa ultrasaundi ya moyo, maana presha ya mishipa ya mapafu ikiwa imepanda, upande wa kulia wa moyo utaonyesha. Taasisi ya Moyo ya Uganda iko palepale Mulago.

Kwa watu wazima mambo yana utata zaidi, na sababu yake ni nyepesi: picha hupigwa mtu akiwa macho. Ni sawa na kupiga picha mzunguko wa Kalerwe Jumapili asubuhi, kisha ukaapa kwamba hakuna foleni. Misuli ya koo ya mtu aliye macho inafanya kazi. Eksirei nyingi za kichwa hupigwa mtu amesimama, ulimi ukiwa mahali pake, ilhali usiku amelala chali na ulimi umeanguka nyuma.

Hata hivyo, mifupa hailali. Tangu mwaka 1931, Holly Broadbent huko Marekani alipoweka utaratibu wa kupiga kichwa eksirei ya ubavuni kwa vipimo, madaktari wa kupanga meno wamekuwa wakiitumia kuangalia jinsi mataya yalivyokaa. Picha hiyohiyo inaonyesha njia ya hewa nyuma ya ulimi, ambayo kwa mtu mzima wa kawaida ni takriban milimita 11. Inaonyesha pia mfupa wa haiyoidi, ule mdogo unaoelea juu ya zoloto na kushikilia mizizi ya ulimi. Kwa kawaida uko kama milimita 15 chini ya ukingo wa taya. Kwa watu wengi wanaokatika pumzi usingizini, mfupa huo umeshuka chini, ulimi umevutwa nao, na taya la chini limekaa nyuma. Mtu mwembamba kabisa, asiye na kitambi, anaweza kuwa na umbo hilo. Huyo ndiye anayepotea katika mkumbo wa “wewe hunenepi, huwezi kuwa na ugonjwa huo”.

Mwaka 2019 chama cha madaktari wa kupanga meno cha Marekani kilitoa mwongozo wake na kikasema wazi kwamba picha hizi zisitumike kutoa uamuzi kwamba mtu ana ugonjwa. Zikiashiria kitu, mgonjwa atumwe kwa daktari. Naukubali mwongozo huo. Ila kwa Kampala ningeongeza: daktari wa meno huenda ndiye mtu pekee atakayeitazama shingo ya mgonjwa huyo kwa miaka kumi. Akiona njia imebana na asiulize “ssebo, unakoroma?”, nafasi imepita.

Kuna jambo lingine linalonikera. Viwango vingi vya “kawaida” vinavyotumika kusoma picha hizi vilitoka kwenye nyuso za Wazungu. Mataya ya watu wengi wa Afrika Mashariki yamejitokeza mbele zaidi, na nafasi ya meno na ulimi si ileile. Ukichukua rula ya Marekani ukaipima sura ya Kyebando, utaona ugonjwa usiokuwepo au utaukosa uliopo. Vivyo hivyo kwa programu za kompyuta. Mwaka 2021 watafiti wa Japani walionyesha kwamba kompyuta iliyofundishwa kwa picha zaidi ya elfu moja za kichwa inaweza kuwatenganisha wenye ugonjwa mkali na wasio nao kwa usahihi mzuri. Ni kazi ya kupongezwa. Lakini ilisoma nyuso za Wajapani. Kabla haijaletwa Wandegeya ikauzwa kama mtaalamu, ifundishwe kwanza nyuso za hapa.

Siti-skani inaonyesha njia ya hewa kwa pande zote, na inaweza kupigwa mtu amelala chali. Kuipiga kwa ajili ya mkoromo pekee ni kutupa fedha na kujimwagia mionzi. Ila kila siku watu hupigwa siti-skani ya kichwa na shingo kwa sababu nyingine: ajali ya boda, kiharusi, uvimbe, sainasi. Njia ya hewa ipo kwenye picha hizo, na mara nyingi hakuna anayeigusa kwa sababu si kilichoombwa. Sentensi moja mwishoni mwa ripoti, “koromeo jembamba nyuma ya ulimi, aulizwe kuhusu usingizi”, haigharimu shilingi.

MRI haina mionzi, na ndiyo iliyotufundisha mengi kuliko zote. Richard Schwab na wenzake wa Philadelphia waliitumia kuonyesha kwamba njia ya wagonjwa hawa haibani tu mbele kwa nyuma, inabana pembeni, kwa sababu kuta za koromeo zimenenepa. Baadaye wakaonyesha kitu ambacho watu hawakukitarajia: ulimi hunenepa. Mafuta huingia ndani ya ulimi wenyewe. Mwaka 2020 walichapisha matokeo ya watu wazima 67 wanene waliopunguza kama asilimia 10 ya uzito wao. Ugonjwa ulipungua kwa asilimia 31, na kilichochangia zaidi ni kupungua kwa mafuta ya ulimi. Hakuna anayepaswa kulipia MRI ili aambiwe ulimi wake una mafuta. Lakini daktari anayemwambia mgonjwa apunguze uzito, sasa anayo sababu ya kumwonyesha.

Hapa ndipo naiona kazi halisi ya picha. Inajibu vizuri swali la “wapi”. Swali la “je, anao, na kiasi gani” ni la usiku. Na swali la “wapi” si dogo, muulize yeyote aliyepasuliwa bure. Mwaka 1981, mwaka uleule wa CPAP, Fujita na wenzake walitangaza upasuaji wa kuondoa kimeo na sehemu ya kaakaa laini ili kutibu mkoromo na kukatika kwa pumzi. Ulienea kwa kasi. Ilipofika 1996, uchambuzi wa tafiti nyingi ulionyesha kwamba kwa wagonjwa wasiochaguliwa, ulifaulu kwa asilimia 40 hivi. Kwa wengine kizuizi kilikuwa chini zaidi, nyuma ya ulimi, na kimeo chao kilikatwa bila kosa. Ndugu zetu wa Tanzania wanaowapeleka watoto kwa mganga wa jadi wakatwe kimeo kwa ajili ya kikohozi wasijione wao pekee waliokionea kiungo hicho. Ndiyo maana tangu 1991, madaktari wa London walipoanza, hospitali zenye uwezo humlaza mgonjwa kwa dawa kidogo na kupitisha kamera puani, wakamtazama akikoroma, na kuona kwa macho panapojifunga.

Kwa Kampala mimi naweka matumaini kwenye ultrasaundi. Mji huu una wataalamu wake. Taasisi ya Ernest Cook katika Hospitali ya Mengo, aliyoianzisha Profesa Michael Kawooya, imefundisha wapiga ultrasaundi wa Uganda na nchi za jirani kwa miaka mingi. Kichwa cha mashine kikiwekwa chini ya kidevu kinaonyesha unene wa mzizi wa ulimi. Kikiwekwa pembeni ya shingo kinaonyesha ukuta wa koromeo. Watafiti wa Hong Kong mwaka 2007 walionyesha kwamba ukuta huo ni mnene zaidi kwa wenye ugonjwa. Hakuna mionzi, na mashine inabebeka hadi kitandani. Hii bado ni kazi ya utafiti, si huduma ya kuiomba dirishani leo. Lakini fikiria ni wapi pangefaa ifanyiwe utafiti: Hospitali ya Kawempe, ambako akina mama wanafanyiwa ultrasaundi ya tumbo kila siku. Utafiti mkubwa wa Marekani, uliochapishwa 2017 na kufuatilia zaidi ya wanawake 3,000 katika mimba ya kwanza, ulikuta kwamba waliokuwa na matatizo ya kupumua usingizini walipata zaidi presha inayotangulia kifafa cha mimba, na kisukari cha ujauzito. Mjamzito aliyeanza kukoroma mimba ilipokuwa kubwa, na presha inapanda, anastahili kuulizwa swali la pili.

Na usiku wenyewe utapimwaje bila kitanda chenye nyaya? Kwa sehemu, inawezekana. Kile kifaa cha kubana kidole kinachopima oksijeni, ambacho watu wengi walikijua wakati wa UVIKO, kikiwa na kumbukumbu kinaweza kuvaliwa usiku kucha. Huko Montreal mwaka 2004 watafiti wa McGill walitoa namna ya kusoma matokeo hayo kwa watoto: oksijeni ikishuka makundi kwa makundi, mtoto awahiwe. Ikiwa haikushuka, ugonjwa haujafutika, lakini dharura imepungua. Pamoja na hilo kuna simu. Video ya dakika mbili, nguo ya kifuani imefunuliwa ili pumzi ionekane, sauti imewashwa, humwonyesha daktari kile ambacho mtoto hawezi kukifanya akiwa kwenye benchi la kliniki. Katika chumba kimoja cha Bwaise shahidi hakosekani.

Madereva wa malori wanaopita Barabara ya Bombo kuelekea Gulu na Sudan Kusini wangefaa kupimwa kabla ya wengine wote. Uganda hupoteza zaidi ya watu 4,000 barabarani kila mwaka, na breki hupimwa lakini usingizi wa dereva haupimwi. Maswali manane ya STOP-Bang, yaliyotungwa Toronto mwaka 2008, yanajibiwa kwa dakika mbili: unakoroma, unachoka mchana, kuna aliyekuona ukikatika pumzi, una presha, uzito, umri, shingo ni sentimita ngapi, ni mwanamume? Utepe wa fundi cherehani unatosha.

Tiba nayo si siri. Mashine ya CPAP inahitaji umeme usiokatika, na bei yake ni mzigo. Kulala ubavu kunawasaidia baadhi, kupunguza uzito kunawasaidia wengi, kuacha pombe jioni ni bure. Watoto wengi hupona kwa upasuaji, na dawa ya kupuliza puani huwapa baadhi nafuu wakati wa kungojea.

Ikiwa nyumbani kwako kuna anayekoroma kisha ananyamaza na kugutuka, mrekodi leo. Peleka video kliniki pamoja na picha zozote za kichwa au shingo alizowahi kupigwa, na umuombe daktari azitazame upya akiangalia njia ya hewa. Na mwenye tatizo hili, mama anayekwenda kujifungua kwa upasuaji au mtoto anayekwenda kutolewa mafindofindo, asipande meza ya upasuaji bila kumwambia mtaalamu wa nusu kaputi. Dawa za usingizi na za maumivu hulegeza koo kuliko usingizi wa kawaida, na mtu huyo anatakiwa aangaliwe oksijeni usiku wote baada ya upasuaji, si saa moja tu.